Uzito Unakaa Wapi

Iyunga, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, na ile picha ya kreni uliyoiambatanisha nimeibandika ukutani juu ya meza ya baba yako, naye hajaiondoa. Huku hatujambo. Baridi ya Juni imeshika, na viazi vya shamba la Uyole vimetoka vizuri kuliko mwaka jana.

Umeniuliza jambo moja, na umeliuliza kwa uwazi. Umeitwa kazini mahali pawili: bandarini Dar es Salaam, kuchomelea na kukarabati mitambo ya kupakulia makontena kwa mkataba wa muda, na huku kwetu Kyela, kwenye karakana ya meli za Ziwa Nyasa, kwa mshahara mdogo zaidi lakini ajira ya kudumu. Unataka nikuambie ni wapi kwenye maisha. Kisha, chini kabisa ya ukurasa, baada ya salamu za wote, umeandika kwamba unaogopa kuwa unaipenda bandari kwa sababu ya ukubwa wa meli tu, na kwamba mtu mzima hapaswi kuchagua kazi kwa sababu ya namna hiyo. Mwanangu, nimelisoma hilo la chini mara nyingi kuliko la juu, na ndilo nitakalolijibu kwanza, kwa sababu linahusu watu watatu wa nyumba hii na si wewe peke yako.

Babu yako hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na swali moja aliloliuliza mbele ya kila kitu kilichojengwa: uzito unakaa wapi? Aliliuliza mbele ya tangi la maji la Makambako, mbele ya mnara wa kanisa, na mbele ya nyumba hii kabla hatujapandisha ukuta wa nyuma. Alilipata katika mashimo ya nguzo za madaraja, alipokuwa kibarua kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako wakati reli ya TAZARA inajengwa. Habari za mahema na matope ya kule unazijua. Ninachotaka ukumbuke ni kwamba reli yote ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi kule Zambia, kazi ikaanza mwaka 1970 na reli ikakabidhiwa mwaka 1976, lakini waliokuwapo hawakuzihesabu kilometa zote kuwa sawa. Kipande kile cha kupanda kutoka bonde la Kilombero kuja nyanda za juu, pamoja na madaraja na mahandaki yake, ndicho kilichokula muda, zege na nguvu za watu. Tulipokuwa tukisafiri kushuka Mlimba, abiria walikimbilia madirishani kutazama bonde na kushangaa jinsi treni inavyopita angani, naye alibaki ameketi. Yeye daraja alilijua kutoka chini, kwa sababu chini ndiko alikochimba, na alijua kwamba shimo likishafukiwa hakuna abiria atakayeiona tena ile sehemu inayobeba yote.

Reli zenyewe na mashine zilitoka China kwa meli, zikashushwa Dar es Salaam, zikapelekwa mbele juu ya njia ileile iliyokuwa ikijengwa. Kwa hiyo babu yako aliishi miaka yote ile akipokea vitu vilivyoshuka melini, bila kuwahi kuiona bahari.

Mimi nililirithi swali lake, ila kazi yangu ikawa ya karatasi. Nilipoajiriwa ukarani wa mizigo hapa stesheni ya Mbeya, nilianza kuandika majina ya meli kabla sijaiona meli hata moja. Kila hati iliyotoka bandarini ilikuwa na jina la meli juu na tani chini: mbolea, ngano, vyuma, vipuri vya migodi. Upande wa pili ilipita shaba ya Zambia kuelekea baharini. Zambia haina pwani, na baada ya walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, njia yake ya kusini ilikuwa mikononi mwa watu wasioitakia mema. Ndipo likaja bomba la mafuta, kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililoanza kazi mwaka 1968, kisha reli. Bomba hilo limepita kwenye nyanda zetu hizi chini ya udongo, na watu hulivuka bila kujua kwamba mafuta yanasukumwa kupanda milima chini ya miguu yao. Nimekaa nikilifikiria bomba hilo zaidi ya watu wengi, nadhani, kwa sababu ni kitu kikubwa mno kisichoonekana, na sisi tumezoea kuamini kwamba kikubwa lazima kionekane.

Sasa nije kwenye safari ile ya Dar es Salaam. Wewe husema unaikumbuka honi tu, na sikulaumu, kwa kuwa ulikuwa mdogo, umekaa begani mwa mjomba wako. Ilikuwa mwaka 1997. Mwaka uliotangulia, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilikuwa imepinduka karibu na Mwanza na watu zaidi ya 800 wakafa, katika meli iliyopaswa kubeba abiria 430. Babu yako aliisikiliza habari ile redioni kwa siku nyingi. Jambo lililomnyima usingizi lilikuwa moja: kwamba meli ilipokuwa imelala kifudifudi juu ya maji, na watu wakisikika wakigonga kutoka ndani, ilijaribiwa kutoboa tumbo lake ili waokolewe, na hewa iliyokuwa imebaki ndani ikatoka, na meli ikazama kabisa. Aliniuliza, akaniuliza tena: inawezekanaje hewa ibebe chuma? Yeye alijua mwamba unabeba zege na zege inabeba reli. Hewa hakuwahi kuiona ikibeba kitu. Ndiyo maana aliomba nimpeleke akaione meli, kwa macho yake, kabla hajafa.

Tulifikia kwa jamaa yetu ambaye simtaji, maana ametangulia mbele ya haki. Jioni ile, tukiwa tumemaliza kula, babu yako alieleza kwa heshima zote kilichomleta. Mwenyeji wetu akacheka mbele ya watoto na majirani waliokuwa barazani, akasema, "Mzee, umepanda treni usiku kucha kuja kutazama chuma? Ile ni chuma tu." Wakacheka wote. Babu yako akanyamaza, akanawa mikono, akasema amechoka na anaomba aonyeshwe pa kulala. Mtu aliyekaa chini ya mashimo ya madaraja, aliyejua kwa mikono yake chuma ni nini, anaambiwa hivyo na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuza vitambaa. Nimeishi na maneno hayo mpaka leo. Ninapopika, ninapopanga karatasi, hunijia, na bado ninayajibu.

Kesho yake mjomba wako, ambaye ujana wake wote aliubeba mabegani gatini pamoja na magunia ya watu, alitutoa mapema. Bandarini haingii mtu asiye na kibali, na ndivyo inavyopaswa kuwa, lakini yeye alijua jiografia ya mahali pale. Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba, na kila meli inayoingia au kutoka lazima ipite palepale pantoni inapovukia kati ya Magogoni na Kigamboni. Tukakata tiketi kama wavukaji wengine. Tulikuwa tumeshapanda, pantoni ikazuiliwa isiondoke, na watu wakaanza kunung'unika kwamba watachelewa kazini. Kisha ikaja.

Sitaki kuieleza kwa kutia chumvi. Ilikuwa meli ya mizigo ya kawaida, wala si kubwa kwa vipimo vya siku hizi unavyonitajia katika barua zako. Lakini ilipita karibu kiasi kwamba niliona mishono ya kuchomelea kati ya bamba na bamba, na kutu inayotiririka chini ya tundu la nanga, na boti za kuvuta meli zikiwa zimeibana mbele na nyuma. Upande wa omo, yaani mbele ya meli, kulikuwa na namba zilizopangwa kama ngazi kutoka chini kwenda juu, na katikati ya ubavu kulikuwa na duara lililokatwa na mstari mlalo, na pembeni yake mistari mifupi yenye herufi. Rangi nyekundu ya tumbo ilionekana kwa upana mkubwa juu ya maji. Babu yako akauliza, kwa sauti iliyowafanya watu wageuke, zile namba ni za nini.

Mzee mmoja aliyesimama karibu, aliyekuwa baharia zamani, alimweleza bila kumcheka. Namba za omo zinaonyesha meli imezama kiasi gani. Duara na mistari ni alama ya mwisho wa kupakia: maji yakifika pale, hairuhusiwi kuongezwa hata gunia moja. Huko Uingereza, alisema, kulikuwa na mbunge aliyepigania alama hiyo kwa sababu wenye meli walikuwa wakipakia kupita kiasi na mabaharia wakizama. Baadaye nilipata jina lake, Samuel Plimsoll, na sheria iliyoilazimisha alama hiyo ilipitishwa mwaka 1876. Meli, alisema yule mzee, huyasukuma pembeni maji yenye uzito sawasawa na wake. Maji nayo yanataka kurudi mahali pao, na huko kutaka kurudi ndiko kunakoibeba. Tumbo la meli limejaa hewa ili meli iwe pana bila kuwa nzito, na hivyo iweze kuyasukuma maji mengi. Ukiitoa hewa, umeyaruhusu maji kurudi.

Babu yako aliisikiliza habari hiyo yote, akaitazama ile rangi nyekundu, akauliza, "Basi hii imeinuka kwa sababu imeshusha. Uzito wake sasa unakaa wapi?"

Mjomba wako akasema meli ile ilileta mbolea, nusu yake inakwenda bara. Nami nikasema, "Baba, uko kwenye mabehewa. Unapanda Mlimba. Utafika mezani kwangu."

Mwanangu, babu yako alicheka mpaka akashika chuma cha pembeni ya pantoni. Sijawahi kumwona akicheka vile kabla wala baada. Nilisoma jina la meli nyuma yake ilipokuwa ikitoka, na niliporudi kazini, hati zenye jina lile zikaja, tani kwa tani. Nilizigonga mihuri mkono ukinitetemeka kwa furaha, na wenzangu hawakuelewa nina nini.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ni utoto kushikwa moyo na ukubwa, jibu langu ni kwamba ukubwa ndio mlango, na inategemea mtu anaingia au anabaki anaushangaa mlango. Anayeishia kusema "ni kubwa" hajaona kitu. Anayeuliza uzito unakaa wapi ameanza kuona. Hilo nimelisema kila siku na nitalisema tena: kitu kikubwa hakieleweki mpaka ujue kinachokibeba.

Lakini hapa najibishana mwenyewe, kwa sababu si haki kukuonyesha upande mmoja. Ukubwa hudanganya. Mjomba wako aliwahi kuniambia kwamba yaliyombeba yeye na wenzake kwa miaka yalikuwa magunia yaleyale yaliyokuwa yakiwavunja. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, mgomo ukasambaa kwenye reli mpaka miji ya bara, na kwa muda nchi nzima iliona wazi kwamba bandari ilikuwa imekaa juu ya shingo zao. Kisha likaja kontena. Safari iliyolifungulia njia ilifanywa mwaka 1956 na mfanyabiashara wa Marekani, Malcom McLean, kwa meli ya Ideal X iliyobeba makontena 58 tu kutoka Newark hadi Houston. Leo umenitajia meli zenye urefu wa mita 400 zinazobeba zaidi ya 20,000. Kazi iliyofanywa na genge zima la watu kwa siku kadhaa inafanywa na mtu mmoja aliyeketi kwenye kibanda cha kioo juu ya gati. Je, huo ni ukubwa wa kuushangilia? Nilipokuwa kijana ningesema hapana. Halafu namkumbuka mjomba wako alivyokuwa hawezi kuinua mkono wa kulia kuvaa shati, na siwezi kulilaani kontena. Siwezi pia kulisifu mbele ya mke wake, ambaye anajua ni nani walioachwa bila kazi. Hilo naliacha hivyo lilivyo.

Tena ukubwa wenyewe una mahali unapoishia. Unakumbuka Machi 2021, meli ya Ever Given ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez, ikakaa karibu siku sita, na dunia nzima ikasubiri? Ulinipigia simu ukicheka. Mimi sikucheka, niliona swali la babu yako limejibiwa vibaya: uzito uliopaswa kukaa juu ya maji ulikuwa umekaa kwenye mchanga wa kingo. Walichimba, wakavuta, wakasubiri maji yajae, na ni maji hayohayo yaliyoiinua. Hata bandarini kwenu, miaka ile walipokuwa wakichimba gati namba 1 hadi 7 kufikia kina cha mita 14.5, watu walitazama mitambo mikubwa iliyokuwa juu. Kazi yenyewe ilikuwa chini, kupata maji ya kutosha ya kubebea meli kubwa.

Sasa nizungumze nawe kama fundi. Ile kreni ya kwenye picha, nimeitazama sana. Mkono wake umenyooka juu ya meli, na nyuma yake kuna uzito wa kuusawazisha, na miguu yake imesimama juu ya reli, na reli juu ya gati, na gati juu ya nguzo zilizopigwa chini ya maji. Kila kontena linaponyanyuliwa, mzigo unapita kwenye mkono, unashuka miguuni, unaondoka. Halafu linakuja jingine. Wewe ulinifundisha mwenyewe, likizo ile, kwamba chuma huchoka. Kwamba bamba linaloweza kubeba tani nyingi mara moja linaweza kupasuka kwa mzigo mdogo uliorudiwa mara nyingi mno, na kwamba ufa huanzia pembeni mwa mshono, mahali ambapo fundi alimalizia. Nilipokusikia ukieleza hayo, nilitamani yule mwenyeji wetu awe hai akusikie. Chuma tu! Kumbe mshono wa mtu mmoja, upana wa kidole, ndio unaoamua kama tani zile zitafika chini salama au zitaanguka juu ya watu. Na kontena lenyewe, ulinionyesha pale kwenye yadi ya Iyunga, halibebwi na kuta zake. Yanapopangwa moja juu ya jingine, uzito wote unashuka kwenye nguzo nne za pembe. Kuta zipo kwa ajili ya mvua na wezi. Ni sawa na mama aliyejitwika ndoo: watu wanaiona ndoo, lakini kazi iko kwenye ngata na shingo.

Na Kyela? Najua unaiona kuwa ndogo, na hukusema hivyo kwa adabu tu. MV Njombe na MV Ruvuma zinabeba tani 1,000 kila moja. MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, inabeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Ukiziweka kando ya meli za bandarini kwenu ni kama hazipo. Hata hivyo, hakuna meli itakayofika Ziwa Nyasa ikitokea baharini kwa kuelea, kwa sababu maporomoko ya Mto Shire yameziba njia. Kila meli ya ziwa hili ni lazima ije vipandevipande na kuunganishwa hapo ufukweni, au ijengwe hapohapo kutoka bamba la kwanza. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Liemba ya Ziwa Tanganyika: Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua, wakaipakia katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa meli nyingine hadi Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na ikarudi kazini mwaka 1927. Meli iliyobebwa na reli, mwanangu. Babu yako angeipenda hadithi hiyo kuliko zote, na inaniuma kwamba niliijua baada yake.

Fundi wa kuchomelea aliyeko Kyela anaweza kuiona meli nzima, kuanzia mkuku, uti wa chini wa meli, ukiwa umelala kwenye magogo hadi siku inaposhushwa majini, na mishono yake mwenyewe ikiwa chini ya mstari wa maji. Bandarini kwenu utaona kipande: leo gurudumu la kreni, kesho ngazi, keshokutwa kiungo cha mkono. Nami nakuonya jambo ambalo wengi hawalifikirii. Maji ya bahari yana uzito wa takribani kilo 1,025 kwa kila mita ya ujazo, na ya ziwani takribani kilo 1,000. Meli ileile, yenye mzigo uleule, inazama zaidi ziwani kuliko baharini, na ndiyo sababu kati ya zile alama za ubavuni kuna mstari wa maji yasiyo na chumvi peke yake. Maji ya Nyasa yanabeba pungufu kidogo kuliko ya bahari. Kina chake kinafika karibu mita 700, na upepo wake wa Mwera unajulikana na kila mvuvi wa Matema. Hapo hakuna boti za kuvuta meli zinazosubiri kando. Kwa hiyo usiseme ni kazi ndogo mbele yangu. Mtu aliyeisikiliza habari ya MV Bukoba pamoja na babu yako hawezi kusema meli ya ziwani ni ndogo.

Sasa umeona ninavyoelemea. Nimejizuia tangu ukurasa wa kwanza na naona kalamu inanishinda. Lakini ngoja nigeuke. Nikikuambia njoo Kyela, je, nitakuwa nakuambia hivyo kwa ajili ya kazi, au kwa sababu kutoka Kyela hadi hapa ni nusu siku ya basi na miguu ya baba yako haipandi tena ngazi za treni? Na nikikuambia baki Dar es Salaam, nitakuwa nasema kwa ajili yako, au kwa sababu nataka mmoja wetu abaki pale meli zinapopita? Yote mawili yamo, na sijui kuyatenganisha vizuri. Mtu ambaye hajui kutenganisha uzito wake na wa mwanawe hana haki ya kuamua mzigo uende upande gani. Hivyo sitasema, ingawa neno liko mdomoni. Baba yako hana taabu hiyo. Yeye amesema waziwazi Kyela, na ameniagiza niandike hivyo kwa herufi kubwa. Nimeandika kwa herufi za kawaida.

Ninachokuomba ni hiki. Kabla hujasaini popote, nenda kwa wasimamizi wa pande zote mbili ukawaulize maswali ambayo hayahusu fedha. Nani atakagua mshono wako baada ya wewe kuumaliza, na kwa njia gani: kwa macho, kwa rangi ya kupenyeza, au kwa mawimbi ya sauti? Ukisema bamba halifai na tajiri anataka meli iondoke kesho, neno la nani litasimama? Je, utaruhusiwa kukaa na kazi yako mpaka uione imebebeshwa mzigo, au utahamishiwa kwingine kabla? Andika majibu yao kama walivyoyatamka, usiyapambe, uniletee. Mshahara na posho ya nyumba andika kwenye karatasi nyingine, nitazisoma baadaye.

Mjomba wako anakusalimu, na anasema ukienda Magogoni umtazamie kama ile pantoni ya zamani bado ipo.

Mimi, mama yako.